Dereva wa Mtandao Usio na Waya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye, kwa kuwa Mheshimiwa tuliyemwalika amepata udhuru wa ghafla tangu mwezi uliopita, ni mimi mwenyewe, Egbert Mutalemwa, Katibu wa Tarafa hii ya Rwamigongo, Mheshimiwa Mwenyeji wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa taratibu ni mimi tena, Waheshimiwa Madiwani mliopo, na wewe uliyetuma baiskeli yako ikuwakilishe, Ndugu Watendaji wa Kata, Ndugu Wenyeviti wa Vijiji, Baba Paroko na Mchungaji, mliokubali kukaa benchi moja, Mwalimu Evangelina, mkalimani wa Tarafa, Ndugu Melkiory, Dereva Mkuu wa Mtandao, uliyeketi hapa mbele na tai yako, kando ya chombo chetu kilichofunikwa kitambaa mezani, ndugu zetu wa kikundi cha ngoma, ambao mtacheza nitakapomaliza, kama nguvu zitakuwa zimebaki, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), wakulima wa kahawa na migomba mliotembea kutoka Nyakakika, kutoka Rugera na kutoka ng'ambo ya bonde, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nitasema kwa ufupi. (Kicheko upande wa akina mama.)

Ndugu wananchi, katika kipindi hiki cha lala salama cha karne ya ishirini, mwaka huu wa 1999, ambapo mataifa yaliyoendelea yanahangaika kuvuta nyaya juu ya milima na chini ya bahari, Tarafa yetu, chini ya uongozi wangu, ambao sipendi kuusifu kwa sababu unajisifu wenyewe, imeamua kuruka hatua hiyo yote na kuingia moja kwa moja kwenye mtandao usio na waya. (Makofi.) Wenzetu wa wilayani wana simu ya waya, na mvua ikinyesha waya unakatika. Sisi hatuna waya. Naomba mniambie, mvua ikinyesha itakata nini? (Sauti: “Barabara!” Kicheko.) Barabara ni wizara nyingine.

Kwa faida ya ambao hawakuwepo, nieleze historia ya mradi. Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi, alipofika ofisini kwangu mtaalamu mmoja wa Kizungu, kijana mrefu mwenye kaptula, amebeba kompyuta ya kuweka mapajani, nyembamba kama sinia. Akaifungua mbele yangu. Ikawaka. Akasema, kupitia kwa Mwalimu Evangelina, kwamba ana ndoto: mashine moja ikae zahanati kwa Nesi Placida, ng'ambo ile ya bonde, nyingine ikae hapa ofisini, ziwe zinaongea kwa mawimbi ya hewani, ili nesi akipata mgonjwa aliyezidiwa asilazimike kumtuma mtu ateremke bonde na kupanda mlima kuja kuita Landrova ya Tarafa. Aguse kitufe tu huko, hapa ujumbe utokee, Landrova iondoke. (Makofi ya dhati.) Ahsanteni. Hilo wazo lilikuwa la kwake, lakini kiti alichokalia alipokuwa akilisema kilikuwa cha ofisi yangu.

Sasa, utekelezaji. Katika utekelezaji, au kama tunavyosema sisi wa menejimenti, implimentesheni, mtaalamu alitupa maelekezo matatu, na mimi nikayatekeleza kwa asilimia mia moja na nne.

La kwanza, alisema mashine yake haitumii Windozi. Nikamuuliza Mwalimu, Windozi ni nini? Mwalimu akatafsiri: madirisha. Mashine haitaki madirisha. Ndugu wananchi, kiongozi mzembe angeunda kamati. Mimi jioni ileile niliita mafundi, na madirisha yote ya ofisi yangu yakazibwa kwa matofali. (Sauti ya Mwalimu Evangelina: “Katibu, nilikueleza baadaye kwamba hilo ni jina la programu.”) Ulinieleza, Mwalimu, wakati udongo umeshakauka. Serikali haibomoi ilichojenga.

La pili, alisema badala ya hayo madirisha inatumia kitu kiitwacho Linaksi, ambacho kimetengenezwa na watu wengi duniani, kila mtu akiongeza kipande chake, wala hawalipani, na anayetaka anachukua bure. Nikamwambia, Bwana, hiyo kwetu inaitwa msaragambo, tumeufanya tangu enzi za mababu, ndivyo tulivyochimba kisima cha shule. (Sauti: “Kisima hakina maji!”) Nimezungumzia kuchimba.

La tatu, na hapa naomba utulivu, ndilo kiini cha hotuba yangu. Mtaalamu alichomoa kijikadi chembamba, akakichomeka ubavuni mwa mashine, akabonyeza, akabonyeza tena, akakuna kichwa. Mashine ilikuwa nzima. Kijikadi kilikuwa kizima. Lakini mawimbi hayakutoka. Nikamuuliza, tatizo ni nini? Akajibu kwa neno ambalo hata bila mkalimani nilielewa. Akasema: tatizo ni dereva.

(Kicheko.)

Akasema hakuna dereva. Akasema bila dereva anayefaa hiyo wayalesi, yaani huo mtandao usio na waya, haitakwenda popote. Ndugu zangu, niliguswa. Mtu ametoka Ulaya, amevuka bahari, amekwama Karagwe kwa kukosa dereva! Nikampiga begani, nikamwambia, Bwana, hilo niachie mimi, katika tarafa hii madereva wapo. Akacheka sana. Nami nikacheka. Ilikuwa siku ya mahusiano mema ya kimataifa.

Nikatangaza nafasi. Walijitokeza waombaji wa kila aina, hadi mmoja aliyewahi kuendesha mkokoteni tu. Tukawasaili: leseni daraja C, asiyekunywa rubisi saa za kazi, aliyewahi kuvuka daraja la magogo wakati wa masika. Aliyefaulu kuliko wote alikuwa Ndugu Melkiory, dereva wa Landrova ya Tarafa. Simama, Melkiory, wananchi wakuone. (Melkiory anasimama, anaketi. Makofi machache.) Na kwa kuwa kanuni za utumishi haziruhusu dereva mmoja kukabidhiwa vyombo viwili, nikamwondoa kwenye Landrova na kumkabidhi rasmi wayalesi. Tangu siku hiyo anaingia ofisini asubuhi, anaketi mbele ya meza, anatoka jioni. Hajagonga mtu. Hajatumia hata tone la dizeli. (Sauti ya Melkiory: “Mzee Katibu, mle ndani ni giza. Mimi nalala tu.”) Mnasikia unyenyekevu huo? Wengine wangejisifu.

Sauti gani hiyo huko nyuma? Nani amenyoosha mkono? Mzee Gaspari. Mzee Gaspari Mbonimpa, shikamoo mzee wangu. (Mzee Gaspari: “Marahaba, baba. Mimi sina elimu ya upepo. Nauliza Landrova. Kama dereva yuko mezani, gari anaendesha nani?”) Mzee wangu, swali zuri sana, na uzuri wake unatosha, halihitaji jibu. (Mzee Gaspari: “Nauliza kwa sababu kuku wangu wametagia ndani yake.”) Kicheko cha nini? Hayo nayo ni maendeleo ya mifugo. Landrova imehifadhiwa nyuma ya ofisi, iko salama, magurudumu yote manne yamo, na mpango kabambe wa kuitafutia dereva utaanza mara tu mtandao utakapokuwa unaweza kuiita.

(Mtu anasimama katikati ya wananchi.)

Naona na wewe umesimama. Jina? (Mtu: “Anastazi, wa Rugera. Mume wa Mukandekezi.”) Karibu, Anastazi, ila kwa kifupi, kwa sababu mimi ndiye ninayehutubia. (Anastazi: “Sitachelewesha, Katibu. Mke wangu alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nesi Placida akaniambia, kimbia Tarafani, lete gari. Nikakimbia. Nikamkuta Melkiory amekaa kwenye kile chumba cha giza, na gari liko nje. Akaniambia, kaka, nimekatazwa kuligusa. Alikuwa analia, Katibu. Tukamweka mke wangu kwenye engozi, ile machela yetu ya miti, tukambeba kwenye mabega, wanaume wa kijiji kwa zamu, tukipokezana vijiti, mpaka hospitali ya Nyakahanga.”) Pole sana, ndugu yangu. Na hali yake? (“Yuko hai. Mtoto yuko hai. Madaktari walisema tungechelewa kidogo tu…” Anastazi anaketi.)

(Mgeni Rasmi anapanga karatasi zake.)

Ndugu wananchi. Tumsifu Mungu kwa hilo. Lakini pia, naomba nilisemee kitaalamu. Mama huyu alisafirishwa kwa engozi. Je, engozi ilikuwa na waya? Haikuwa na waya. Je, wanaume wale waliitana kwa waya? Waliitana kwa mdomo, kwa hewa, mlima hadi mlima. Basi utaona kuwa wayalesi imekwisha kufanya kazi, na katika takwimu za robo mwaka tumemhesabu Mukandekezi kama mnufaika wa kwanza wa mradi. (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: “Waitu, jamani, mtu huyu!”) Naomba minong'ono ielekezwe kwenye kiti.

Niendelee. Niko kwenye kipengele cha mtaalamu kurudi. Maana alirudi. Alirudi baada ya wiki mbili kuaga, nami nikamtolea Melkiory, amevaa tai hii mnayoiona. Nikasema kwa Kiingereza changu mwenyewe: huyu hapa dereva. Mtaalamu akamtazama Melkiory. Akanitazama mimi. Akamtazama Mwalimu. Akaanza kueleza kwa muda mrefu na mikono mingi, na Mwalimu akaniambia maneno ambayo sitayasahau: “Katibu, anasema dereva wa kompyuta si mtu. Ni maandishi tu yanayokaa ndani ya mashine, yanayoifundisha kuongea na kile kijikadi. Anasema ataenda kuyatafuta kwao.”

Ndugu zangu, dereva si mtu! (Kicheko.) Nilipandwa na hasira ya kizalendo. Nikamwambia, Bwana, huko kwenu huenda dereva ni karatasi, lakini katika nchi hii huru dereva ni mtu, ana mke, ana kibanja, ana mama mkwe, na hatutaruhusu mtu wetu abadilishwe kuwa maandishi! (Makofi, hasa kutoka benchi la madiwani.) Mwalimu alikataa kutafsiri. Lakini uso wangu ulijitafsiri.

Sasa nije kwenye mikakati ya mbele, au stratejia, ambayo ina nguzo kumi na mbili, na kila nguzo ina matawi. Nguzo ya kwanza, uhamasishaji. Nguzo ya pili, uhamasishaji endelevu. Nguzo ya…

(Nesi Placida anaingia uwanjani akikimbia, mtoto mgongoni, miguu ina tope hadi magotini.)

Nesi Placida, karibu, umechelewa, lakini viti vipo. (Nesi Placida: “Samahani kukukatiza, Katibu. Huyu mtoto ana degedege, halikatiki, na dawa yake imeniishia. Nahitaji gari la kwenda Nyakahanga, sasa hivi.”) Nesi, ombi lako limepokelewa, litajibiwa wakati wa maswali, ambao uko baada ya nguzo ya… (Bibi mmoja anainuka kwa kelele: “Ni mjukuu wangu huyo! Ni wangu!”) Mama Nyirabageni, shikamoo, tafadhali… (Nyirabageni: “Sitaki shikamoo yako, mwanangu! Nataka gari!”)

(Melkiory anasimama. Anavua tai, anaiweka mezani. Anakuja mbele, anamnyooshea Mgeni Rasmi mkono.)

Melkiory, rudi ukae. Wewe ni dereva wa mtandao. Kuna kanuni. (Melkiory: “Ufunguo, mzee.”) Ufunguo uko kwenye dhamana ya ofisi, na ofisi iko katika sherehe. (Melkiory: “Mzee, juzi nilimwangalia Anastazi akiondoka kwa miguu. Leo siwezi. Nifukuze kesho. Ufunguo.”)

(Mgeni Rasmi anamtazama mtoto. Kichwa cha mtoto kimelegea, povu liko mdomoni. Mgeni Rasmi anajipapasa mfuko wa koti, kisha mwingine, kisha wa suruali. Anatoa ufunguo.)

Kwa… kwa mamlaka niliyokabidhiwa, ninamhamisha Ndugu Melkiory kwa muda. Shika. Nenda, nenda!

(Melkiory, Nesi Placida na Nyirabageni wanakimbia nyuma ya ofisi. Inasikika injini ikikohoa na kunyamaza. Sauti ya Melkiory: “Betri imelala! Njooni tusukume!” Uwanja mzima unainuka. Wanabaki Mgeni Rasmi na ile baiskeli ya Diwani.)

Ndugu wananchi, kama nilivyokuwa nikisema, nguzo ya tatu ni ushirikishwaji wa jamii. Ushirikishwaji maana yake ni kwamba mwananchi anatoka alipo anakwenda mahali ambapo… (Kutoka nyuma ya ofisi: “Moja, mbili, sukuma! Moja, mbili, sukuma!” Kelele za kuku.) …ambapo nguvu zake zinahitajika, na hata viongozi wa dini, kama ninavyowaona kwa mbali Baba Paroko na Mchungaji wakisukuma bega kwa bega, hawaachwi nyuma. Nguzo ya nne… (Injini inanguruma. Shangwe kubwa, vigelegele.) Ahsanteni! Ahsanteni sana! Sikutegemea nguzo ya nne ingepokelewa hivyo.

(Landrova inapita mbele ya uwanja ikitoa moshi, manyoya ya kuku yakipepea dirishani. Wananchi wanarudi kwenye nafasi zao, wamelowa jasho.)

Kaeni, kaeni. Ndugu zangu, kiongozi mwingine angeahirisha. Mimi naona ni vyema tungoje habari ya mtoto pamoja, na katika kungoja huko nimalizie nguzo nane zilizobaki. (Mzee Gaspari: “Soma, baba. Leo tutakusikiliza. Hatuna pa kwenda mpaka tujue.”) Ahsante, mzee wangu. Nguzo ya tano.

(Mgeni Rasmi anasoma nguzo ya tano, ya sita na ya saba. Vivuli vya migomba vinarefuka. Akina mama wanagawana ndizi za kuchoma. Baba Paroko amesinzia kwenye bega la Mchungaji. Katikati ya nguzo ya kumi na moja, kuhusu tathmini ya tathmini, inasikika Landrova ikipanda mlima. Mgeni Rasmi ananyamaza kabla ya watu wote.)

Inakuja. Nyamazeni. Inakuja.

(Melkiory anasimamisha gari, anateremka bila kuzima injini.)

Sema, Melkiory. Sema kwa sauti. (Melkiory: “Degedege limekatika. Wamemchoma sindano, wamemwekea dripu. Tulipoondoka alikuwa ameomba uji. Bibi yake na nesi wamebaki naye.” Vigelegele. Sauti: “Kasinge, waitu! Hongera!” Anastazi anamkumbatia Melkiory.)

Mungu mkubwa. Mungu… nimepoteza ukurasa. (Anafuta miwani kwa ncha ya tai ya Melkiory, iliyo mezani.)

(Melkiory: “Mzee Katibu, nina swali. Kesho asubuhi nikae wapi? Mezani au garini?”)

Ndugu Melkiory, kwa kuzingatia mtiririko wa majukumu, muundo wa utumishi, na kwa kutilia maanani kwamba…

(Melkiory: “Mezani au garini?”)

Garini.

(Makofi ambayo hayajawahi kusikika katika Tarafa hii. Wanangoma wanapiga bila kuruhusiwa.)

Basi, basi, ahsanteni! Mniache nifunge. Mtandao, hoyee! (Hoyee!) Waya, zii! (Ziii!) Landrova, hoyee! (Hoyeeeee!) Hiyo haikuwemo kwenye karatasi, lakini nimeona niiweke.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mwalimu Evangelina kwa kutafsiri, na zaidi kwa pale alipokataa kutafsiri. Nawashukuru waliosukuma. Namshukuru mke wangu, Mama Immaculata, kwa kutuazima sinia la chai, ambalo ndilo lililofunikwa kwa kitambaa hapa mezani tangu asubuhi mkidhani ni kompyuta, na ambalo analihitaji jioni hii kwa kuwa nyumbani tuna wageni. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule mtaalamu wetu kutoka Ulaya, ambaye, baada ya mazungumzo yetu marefu na ya kirafiki kuhusu utu wa dereva, aliifunga mashine yake, akaitia kwenye begi pamoja na kile kijikadi, akapanda basi la Bukoba, na hatujamwona tena yeye wala chombo. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, natamka kwamba Mtandao Usio na Waya wa Tarafa ya Rwamigongo umezinduliwa rasmi. Atakayekuwa wa kwanza kuuona, tafadhali atoe taarifa ofisini.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.